Kindu: Nyama ya pori na risasi inayobaki mchuzini

Nyama ya pori inapojadiliwa Kindu, mazungumzo huishia kwa wanyama: tumbili wa Mbuga ya Taifa ya Lomami, iliyoundwa mwaka 2016, na bunduki za kaliba 12 zinazowamaliza. Anayeila hatajwi. Chembe zilizomo ndani ya kartushi ni za risasi, yaani madini yenyewe. Kiswahili kimeyapa madini na kinachoua jina moja. Zikigonga mfupa huvunjika, na vipande visivyoonekana hubaki nyamani. Kuosha hakuviondoi, kupika wala; ndimu huviyeyusha zaidi.

Hatari huzidi pale mwindaji anayekwepa bei ya kartushi anapoyeyusha betri kuukuu za gari ajitengenezee chembe. Moto wa makaa unatosha, lakini moshi na vumbi lake hutua uani wanapocheza watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto huumia zaidi. Umoja wa Ulaya umezipiga marufuku chembe hizo kwenye maeneo ya majimaji tangu Februari 2023, hasa kwa ajili ya ndege, si walaji.

Mnunuzi wa Kindu anaweza angalau kukata na kutupa nyama yote iliyozunguka tundu, na mama mjamzito kuiacha kabisa.