Mchagua Jembe na Simu ya Vitufe



Tafakari ya juma hili inaanza na jambo ambalo yamkini wengine wataliona dogo. Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, tuliwakuta mlangoni pa ofisi ya parokia watu wawili wasiotazamana: mzee mmoja, katibu wa jumuiya ndogo ndogo huku kwetu Mbagala, pamoja na binti yake. Mzee huyo alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali kwa zaidi ya miaka thelathini. Sasa amestaafu. Mikono yake inatetemeka kidogo, lakini bado ndiye anayeandika kumbukumbu za vikao vya jumuiya, taarifa za misiba, orodha za michango na ratiba ya sala za nyumba kwa nyumba.

Shauri lao lilikuwa hili. Mzee ametamani simu janja yenye vitufe halisi vya herufi chini ya kioo, simu ambayo siku hizi haipatikani hivi hivi dukani, bali huagizwa kutoka nje. Bei aliyotajiwa ni shilingi 1,200,000. Binti akasema, "Baba Paroko, simu ya laki tatu inafanya kila kitu inachofanya hiyo. Fedha zinazobaki zitalipa ada ya wajukuu wake. Tafadhali mwambie baba."

Nasi, tunakiri, tulicheka. Tukatoa methali ya wahenga: mchagua jembe si mkulima. Binti akafurahi. Mzee akatazama chini kitambo, kisha akajibu kwa upole, "Baba Paroko, aliyesema hivyo hajalima penye mawe."

Jibu hilo limekaa nasi juma zima. Tumeona si haki kulifunga shauri la mtu kwa methali kabla ya kulipima, na kwa kuwa maswali ya namna hii yamo katika nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni, tumeona tulipime hadharani. Je, simu ya vitufe, inayotumiwa na watu wachache, yaweza kustahili bei kubwa namna hiyo?

Tuanze na bei yenyewe, kwa maana ukiona vyaelea, vimeundwa. Wengi hudhani kwamba bei kubwa ni tamaa ya muuzaji tu. Lakini fikirini basi la kukodi linalotupeleka hija Bagamoyo. Tuseme mwenye basi anataka shilingi 600,000. Tukijaa sitini, kila mmoja atatoa 10,000. Tukiwa kumi na wawili, kila mmoja atatoa 50,000, na basi ni lile lile, barabara ni ile ile. Ndivyo ilivyo kwa simu hizi. Kalibu ya kutengenezea vitufe, nyaya zake, ubao wake na majaribio yake vina gharama ambayo haipungui eti kwa sababu wanunuzi ni wachache. Simu ya kioo kitupu hugawanya gharama zake kwa mamilioni ya watu, ilhali ya vitufe huzigawanya kwa maelfu tu. Kwa hiyo mnunuzi wa simu ya vitufe halipii kamera bora wala kasi kubwa zaidi. Analipa nauli ya basi lenye viti vitupu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wenye umri wetu wanakumbuka enzi ambapo vitufe ndivyo vilivyokuwa simu. Nokia E71 ilipotoka mwaka 2008, na C3 mwaka 2010, zilikuwa na herufi zote kifuani kama mashine ya chapa. Kisha ikaja homa ya BlackBerry, ambapo vijana wa Dar es Salaam walipeana namba za siri za BBM kama wanavyopeana leo namba za WhatsApp. Lakini tangu iPhone itoke mwaka 2007, ulimwengu ulikuwa umekwisha kuanza kuhamia kwenye kioo. Simu za bei nafuu za kupangusa zilipojaa Kariakoo, zile za herufi zikatoweka, kikabaki kiswaswadu chetu chenye namba na tochi.

Historia ya BlackBerry ina funzo kwa kila anayetaka kulipa fedha nyingi. Kampuni hiyo ya Kanada ilitangaza Septemba 2016 kwamba inaacha kujitengenezea simu. Kampuni ya TCL ya China ikapewa ruhusa ya kutumia jina hilo, ikatoa KEYone mwaka 2017 kwa dola 549 na KEY2 mwaka 2018 kwa dola 649, yaani zaidi ya shilingi milioni 1.4 kwa viwango vya wakati ule. Ruhusa hiyo ikakoma Agosti 2020. Mwaka huo huo kampuni nyingine ya Marekani, OnwardMobility, iliahidi simu mpya ya vitufe yenye jina hilo, lakini Februari 2022 ikafunga milango bila kuitoa. Katikati ya hayo, tarehe 4 Januari 2022, BlackBerry ilizima huduma za simu zake za zamani, zile zilizotumia mfumo wake yenyewe, na ikaonya kwamba hata kupiga simu na kutuma ujumbe kwa simu hizo hakutakuwa na uhakika tena. Kifaa kilikuwa kizima mkononi, vitufe vinabonyea vizuri, lakini kilichokipa uhai kilikuwa mbali, kwa wengine.

Sisi wenyewe tuliwahi kuwa na simu ya vitufe, ambayo jina lake halina haja ya kutajwa. Siku moja kitufe cha herufi A kikagoma. Ndugu wapendwa, jaribuni kuandika Kiswahili bila A! Hata neno "baba" halitoki. Tulikwenda Kariakoo mara tatu, tukapanda ngazi nyingi, na mafundi wakatuambia neno moja: vioo vya simu za kawaida vimejaa, lakini kitufe cha simu hiyo hakipo mjini. Tangu siku hiyo tunajua kwamba bei ya kitu adimu hulipwa mara mbili: siku ya kukinunua na siku ya kuharibika kwake.

Hadi hapa mtadhani tunamuunga mkono binti. Na kwa watu wengi, hakika tunamuunga mkono. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kimepanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi. Hata kwa kima hicho kipya, simu ya mzee wetu ni kazi ya zaidi ya miezi miwili, bila kula, bila nauli, bila kodi ya nyumba. Anayeitaka ili aonekane wa tofauti kituoni, au kwa kukumbuka ujana wake, hatuna budi kumwambia kwamba ananunua ukumbusho, na ukumbusho haupaswi kukaa mbele ya ada ya mtoto.

Lakini mzee hakusema anataka kuonekana. Alisema analima penye mawe. Tukamwomba aje Jumanne, atuonyeshe hayo mawe.

Alikuja. Tulimpa simu yetu ya kioo na kumtajia sentensi moja ya kumbukumbu za kikao. Kidole kilichotetemeka kiligusa herufi ya jirani, akafuta, kikagusa tena, akafuta. Alipofaulu kuandika neno la Kiswahili kwa usahihi, simu ikaligeuza kuwa la Kiingereza. Nasi tunajua maneno yetu yalivyo: "tutakapowatembelea" ni neno moja, lakini ni vidonge kumi na vinane vya kumeza kimoja kimoja. Dakika kumi zilipita, na sentensi haikuisha. Kisha tukamkalisha mbele ya kompyuta ya ofisi. Vidole vikatua juu ya vitufe, vikatambua njia vyenyewe, na mzee akaandika akitutazama usoni. Mtetemo haukuwa umekwisha, ila kitufe humsubiri mkono hadi ubonyeze. Kioo hakisubiri, hupokea kila mguso hata usiokusudiwa.

Akatuambia na jambo lingine, ambalo hakuwa amemwambia binti yake. Mwaka jana alikusanya rambirambi za jumuiya, akazituma kwa simu, na kidole kikaweka sita mahali pa tisa. Fedha za msiba zikaenda kwa mtu asiyemjua. Alizilipa kutoka mfukoni mwake, akanyamaza. Hapo hatukuwa na hamu tena ya kucheka.

Mtasema: basi atume fedha kwa kiswaswadu. Ni kweli, na tumemshauri hivyo. Menyu ya *150*00# haihitaji kioo cha kupangusa, na kile kinundu kilichopo kwenye kitufe cha tano kinamwongoza hata asiyeona. Lakini kumbukumbu za vikao, orodha na ratiba zinasomwa na wanajumuiya kwenye WhatsApp, na huko kiswaswadu chake hakifiki. Mtasema tena: atumie sauti. Sauti inafaa kwa salamu. Orodha ya michango ya kaya arobaini nani ataisikiliza mara mbili ili atafute jina lake?

Tukajaribu njia ya tatu. Kijana mmoja wa kwaya alimwazima kibodi ndogo ya blututhi, ile inayouzwa kwa bei nafuu na kuunganishwa na simu yoyote. Nyumbani, juu ya meza, ilifanya kazi vizuri, na tunawashauri wote wenye shida kama yake waanzie hapo kabla ya kuwaza mamilioni. Lakini jumuiya zetu hukutana uani, watu wakikaa kwenye mikeka na viti vya plastiki, na meza hakuna. Akiweka kibodi mapajani, simu haina pa kukaa. Akishika simu, kibodi inaanguka. Ndipo mtu anapoelewa kwa nini bado wapo watengenezaji wachache wanaovishikamanisha vitu hivyo viwili, kama Unihertz ya China, iliyotoa simu yake ya Titan mwaka 2019 kwa fedha zilizochangwa na wanunuzi wenyewe, na ikatoa Titan 2 mwaka 2025. Soko lao ni dogo, lakini si soko la wapumbavu.

Basi, maoni yetu ni haya. Bei kubwa ya simu ya vitufe inastahili pale mambo matatu yanapokutana. Kwanza, iwepo kazi ya kweli, ya kila siku, ambayo mkono wa mtu huyu unaweza kuifanya kwa vitufe na hauwezi kwa kioo. Pili, njia ya bei nafuu iwe imejaribiwa kwa uaminifu na kushindwa. Tatu, muuzaji awe na jibu la swali la kesho: kitufe kikigoma nani atakibadili, na programu zake zitapata masahihisho kwa miaka mingapi? Lipo na la kukagua kabla ya kulipa: namba ya utambulisho wa simu, kwani tunakumbuka Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia, watu waliolala na simu wakaamka na vipande vya plastiki. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, fedha zibaki nyumbani.

Mzee wetu amepita katika la kwanza na la pili. La tatu bado hajapata jibu kutoka kwa muuzaji, na tumemwomba asitoe hata senti mpaka alipate. Ada ya wajukuu inalipwa kwanza. Hilo alikubali mwenyewe, bila kusukumwa.

Limebaki jambo moja, na hili tunalielekeza kwenu wanajumuiya, siyo kwa mzee wala kwa binti yake. Kumbukumbu hizo ni za nani? Taarifa za misiba hiyo ni za nani? Kwa miaka kadhaa tumepokea kazi ya mkono wake bila kumlipa, na mkono huo ulipokosea tarakimu moja, tulimwacha alipe peke yake, kwa kuwa hatukuuliza. Binti anapotetea ada ya watoto wake, anatetea haki. Aliyekosea ni sisi, tuliowaacha baba na binti wagombanie gharama ya kazi yetu. Jembe la shamba la wote haliwi deni la mkulima mmoja. Kaya arobaini zikigawana bei hiyo, ni shilingi 30,000 kwa kila kaya, na hizo zaweza kutolewa kidogo kidogo kwa miezi sita. Ikionekana ni nyingi, basi kijana mmoja ajitolee kukaa kando ya mzee na kuandika anayotamkiwa, na hapo hakuna simu ya kununua. Lolote kati ya hayo ni jema kuliko kucheka.

Nasi tulicheka kwanza, kwa hiyo tumekwisha kumwomba mzee radhi, na kupitia ukurasa huu tunamwomba tena. Kikao cha jumuiya yake ni Jumamosi. Tutakuwepo, na mfuko wetu tutauchukua.

Tuwatakie juma jema. Tuonane tena juma lijalo, Mungu akipenda.