Kabla ya kuibomoa nyumba ya babu Kisesa

Jiji la Mwanza limeifuata Kisesa kwa barabara ya Musoma, na bei ya viwanja imepanda. Ndiyo maana vikao vya ukoo kuhusu kuibomoa nyumba ya babu au kuiongezea sehemu mpya, ile ya tofali mbichi na bati iliyojengwa kwa fedha za pamba miaka ya 1950, vimekuwa vingi. Hoja ni zilezile.

"Kuta zimechoka, tubomoe." Mara nyingi hazijachoka, zimepigwa lipu ya saruji. Tofali la udongo hunyonya unyevu kutoka chini na kuutoa taratibu. Saruji huuziba ndani mpaka udongo ulainike. Gonga ukuta kwa kiganja. Panapolia uwazi, bandua, acha pakauke, kisha piga lipu ya udongo au chokaa. Kazi ya vumbi, wala haikupi sifa mtaani.

"Tuunge ukuta mpya na wa zamani kwa nondo, ziwe kitu kimoja." Hoja hii ndiyo inayoua nyumba. Ya zamani imeshatulia ardhini zaidi ya miaka 60. Msingi mpya bado utashuka. Mlimani, kwenye mchanga wa luseni, utashuka kidogo. Bondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi, utapanda na kushuka kila mwaka, na nondo zitaurarua ukuta wa babu. Kila jengo libebe mzigo wake. Katikati pita ujia mwembamba wenye paa jepesi, na pale unapogusa ukuta wa zamani acha mwanya.

"Basi sehemu mpya iwe kontempo." Iwe, sina ugomvi na sura. Ila bati lililofichwa nyuma ya ukuta hutegemea mfereji, na majani ya mwembe yakiuziba, mvua moja ya masika inatosha kumwaga maji kwenye tofali mbichi. Mteremko uelekee mbali na nyumba ya zamani.

"Au ifanane nayo kabisa." Kwa nini? Pandeni hapo Bujora. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alijenga kanisa la duara akifuata ujenzi wa Kisukuma, na hakuna anayedhani ni nyumba ya mtemi.

"Serikali itatuzuia, ni mambo ya kale." Sheria ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Nyumba ya pamba haimo, isipokuwa itangazwe rasmi. Kibali cha ujenzi cha halmashauri ni habari nyingine, kaombeni.

"Uani kuna makaburi." Hapo nakubali, hakuna fundi wa kulijibu hilo. Sehemu mpya isogee mbele. Lakini kwa waliopakana na barabara ya Musoma, pimeni kwanza mita 30 kutoka katikati ya barabara. Ukuta utakaoingia humo utapigwa X.