Dhahabu Ipimwe Kabla ya Kusifiwa

Ugunduzi wa madini ni jambo la heri kwa Taifa, lakini ugunduzi usiothibitishwa ni mtego. Wananchi wa Katesh na wilaya nzima ya Hanang hawana budi kulikumbuka jambo hili, kwani ni majirani wa nchi ya dhahabu. Upande wa Singida, dhahabu ya Sekenke ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani, na mwaka 1916 ilitumika kutengenezea sarafu za rupia 15 mjini Tabora. Penye historia kama hiyo, uvumi wa mwamba mpya hupata masikio upesi, na matapeli wanalijua hilo.

Ulaghai mkubwa kuliko wote wa namna hii ulitokea Busang, nchini Indonesia. Kampuni ya Bre-X ya Kanada ilitangaza kwamba imegundua dhahabu nyingi mno, na makadirio yakapanda hadi wakia milioni 71. Hisa zake zikapanda thamani hadi kampuni ikahesabiwa kuwa na zaidi ya dola bilioni 6 za Kanada. Mwaka 1997 kampuni ya Freeport-McMoRan ilichoronga mashimo yake kando ya yale ya Bre-X, isikute dhahabu ya maana. Wakaguzi huru walithibitisha kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu ya mtoni kabla ya kupelekwa maabara. Mifuko ya pensheni ya walimu na wafanyakazi wa Kanada ilipata hasara kubwa, na hakuna aliyefungwa.

Ishara ya ulaghai huo ilikuwa wazi tangu mwanzo. Desturi ya kazi ni kupasua mwamba uliochorongwa, nusu ikapimwa na nusu ikahifadhiwa ili mwingine aweze kuhakiki. Bre-X ilisaga mwamba wote. Aliyeuliza sababu alionekana mpinga maendeleo. Hivyo wenye fedha zao walinunua mbuzi kwenye gunia.

Wapo wanaodhani kwamba mashaka huwafukuza wawekezaji. Fikra hiyo ni potofu. Mwekezaji wa kweli ndiye wa kwanza kutaka sampuli zipimwe mara ya pili. Anayekimbia kipimo ni yule mwenye la kuficha. Tena hesabu za dhahabu zinaweza kubishaniwa hata mgodi ukiwapo. Mwaka 2017 kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilikadiria kwamba makontena 277 ya makinikia yalikuwa na tani 7.8 za dhahabu, ilhali ukaguzi wa awali ulionyesha tani 1.2. Kampuni ya Acacia ilikanusha, na mgogoro ukamalizwa kwa makubaliano kati ya Serikali na Barrick mwaka 2019. Anayetafuta wanunuzi wa hisa anaweza kuikuza dhahabu. Anayetaka kukwepa kodi anaweza kuipunguza. Dawa ya yote mawili ni moja: kupima.

Kwa Hanang, kinachohatarishwa zaidi si hisa, bali ni ardhi. Mashamba ya ngano ya NAFCO, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, yalichukua ekari zipatazo 100,000 za malisho ya Wabarabaig, na shauri la kijiji cha Mulbadaw likafika Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Ngano ile ilikuwa ya kweli, na bado mfugaji aliumia. Itakuwaje malisho yakitolewa kwa ajili ya dhahabu isiyokuwapo? Mwenye hisa hupoteza fedha. Mfugaji hupoteza maisha ya ng'ombe wake na urithi wa watoto wake.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imewapa wanakijiji sauti kupitia halmashauri na mkutano mkuu wa kijiji. Sauti hiyo itumike. Mgeni ajaye na habari za dhahabu aulizwe leseni yake ya Tume ya Madini, aulizwe nusu ya mwamba imehifadhiwa wapi, na matokeo yake yahakikiwe na Taasisi ya Jiolojia iliyoko Dodoma. Viongozi wa Chama na Serikali wasikubali kuwa wapiga debe wa kampuni kabla ya majibu hayo. Dhahabu iliyomo ardhini haiozi; inaweza kungoja kipimo.