Askari wa KAR hana jina la ukoo

Leo tunaingia kwenye historia kidogo, lakini msikimbie, mtaona kuwa ni mambo yale yale ya kompyuta.

Baba yake babu yangu alipigana Burma na KAR. Nyumbani Bungoma kila mtu analijua hilo. Kilichobaki ni nishani moja, Burma Star, ambayo shangazi anaitunza kule Kitale, na nishani zile zilitolewa bila jina la mwenyewe. Tukitaka kujua alikuwa batalioni gani, lazima tuingie kwenye makaratasi ya Mwingereza. Hapo ndipo mimi kama mwandishi wa programu ninapopandwa na hasira.

Fungua tovuti yoyote ya kutafuta wanajeshi wa zamani. Kisanduku cha kwanza kinataka jina la ukoo. Jamani, askari wetu hakuwa nalo! Alikuwa Wafula, mwana wa fulani, na karani aliandika alivyosikia. Programu nyingi za nasaba hulinganisha majina kwa Soundex, kanuni iliyosajiliwa Marekani mwaka wa 1918, inayogeuza jina kuwa herufi moja na tarakimu tatu ili majina ya sauti moja yakutane. Wafula ni W140. Karani akiandika Wafura inakuwa W160, na hamtaonana kamwe. Barasa akiandikwa Parasa ndiyo basi kabisa, maana herufi ya kwanza haiguswi.

Halafu mahali. Usitafute Bungoma, kwa sababu wakati wa vita haikuwa wilaya. Ilikuwa ndani ya North Kavirondo, makao makuu Kakamega. Hata Wabukusu katika faili za zamani wameandikwa Kitosh, jina ambalo wazee wetu hawataki hata kulisikia.

Hifadhidata kubwa ya bure ni ya CWGC, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, nayo ni ya waliokufa tu. Wetu alirudi. Na hao waliokufa je? Ripoti ya tume yenyewe ya Aprili 2021 ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000 wa Vita vya Kwanza, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Shajara za batalioni zilizokuwa Burma zipo Kew, London, fungu WO 172. Humo utaifuata Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka wa 1944, mvua na matope ya bonde la Kabaw, ikielekea Kalewa. Ofisa anatajwa kwa jina. Askari anatajwa kwa idadi.

Wenzangu husema tungoje faili zote ziwekwe mtandaoni. Mimi sikubali. Faili ikipigwa picha na bado inatafutwa kwa jina la ukoo, sisi hatutaiona. Kazi ya kwanza iko huku nyumbani. Wabukusu hutahiri kila miaka miwili, na kila msimu una jina lake ndani ya rika. Kukhu, dada yake babu, hajui baba yake alizaliwa mwaka gani, lakini anajua alikuwa wa Bakinyikeu, rika la 1936 hadi 1946, na anawataja waliopakwa matope pamoja naye. Hiyo ni tarehe tosha! Tena ni orodha ya mashahidi.

Kwa hiyo nimeanza jedwali langu: jina linavyotamkwa, rika, jina la baba, lokesheni, chifu wa wakati ule, na namba ya kipande kama kuna aliyekihifadhi. Kanuni ya majina nimeiandika upya kwa Python, haifiki mistari arobaini: l na r ni kitu kimoja, b na p kimoja, k na g vilevile.

Kompyuta itangoja, Kukhu ana miaka themanini na ushei. Jumamosi naenda na kinasa sauti. Anasema upande wa Chwele kuna mtoto wa askari mwenzake baba yake, ambaye bado ana sanduku la bati la mzee. Halijafunguliwa tangu matanga.