Kabla ya Kumlaumu Aliyekaa Kwenye Kiti

Wanachuo wenzangu, kwetu ukitaja rada watu wanakumbuka chenji. Mimi leo naongelea rada nyingine, ya Zurich, Uswisi, usiku wa tarehe 1 Julai 2002.

Usiku huo mafundi walikuwa kwenye matengenezo. Rada ilifanya kazi, ila nusunusu: ile alama inayomwonya mwongoza ndege kwenye skrini kwamba ndege mbili zinaelekea kugongana haikuwepo. Simu kuu zilizimwa, na laini ya akiba ilikuwa mbovu. Wenzao wa Karlsruhe, Ujerumani, waliiona hatari kwenye mitambo yao, wakapiga simu, haikupita. Mwongoza ndege alikuwa peke yake akihangaika na skrini mbili. Mwenzake alikwenda kupumzika, jambo ambalo wakubwa walilijua na kulifumbia macho. Taarifa za matengenezo zilikuwepo, lakini hazikueleza wazi yangemwondolea nini.

Alipoiona hatari, alimwamuru rubani wa ndege ya Urusi ashuke. Kifaa cha ndani ya ndege hiyo kikasema panda. Marubani wakamfuata mwongoza ndege, kumbe ndege ya mizigo nayo inashuka kwa amri ya kifaa chake. Zikagongana juu ya Überlingen. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto wa shule kutoka Ufa waliokuwa wakienda likizo Hispania.

Mwaka 2004, baba aliyepoteza mke na watoto wawili alimfuata mwongoza ndege nyumbani kwake, akamuua. Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani watu wanne wa kampuni ile, wakiwemo mameneja. Hukumu ikafika walipo wakubwa, lakini aliyekaa kwenye kiti alishazikwa.

Sasa huku kwetu. Mwaka jana nilikwenda mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya kata. Mwalimu wa Hisabati alikuwa mmoja shule nzima. Kidato cha Pili peke yake kilikuwa na wanafunzi 94 na vitabu sita. Kwenye kikao cha wazazi alisimamishwa mbele, akaulizwa kwa nini watoto wanafeli. Vitabu viko wapi, hakuna aliyeuliza. Mimi niliyeviona vile vitabu sita nilikuwa nimekaa nyuma, nimeinamisha kichwa, kimya. Linaniuma mpaka leo.

Najua kuna atakayesema nawatetea wazembe. Hapana. Mwalimu anayeshinda kijiweni wakati wa kipindi awajibishwe. Hata mwongoza ndege yule alichelewa kuiona hatari. Ila ukimwadhibu yeye tu ukaacha simu mbovu, kesho utamweka mwingine kwenye kiti kilekile, na yatatokea yaleyale.

Sisi wa ualimu, mwakani wengi wetu tutakuwa kwenye kiti hicho. Ushauri wangu ni mdogo. Ukikabidhiwa darasa la watu 90 bila vitabu, usimezee ili uonekane mchapakazi. Andika barua, taja kinachokosekana, tunza nakala. Na ukiona mwenzako anasimamishwa mbele ya kikao, usifanye kama mimi. Nyoosha mkono, uliza alikuwa na nini cha kufanyia kazi.