Ufaulu Kupanda Si Ushahidi

Hivi karibuni, kwenye hafla ya kufunga mradi mmoja wa elimu, nilimsikia mgeni rasmi akitangaza kuwa mradi umefanikiwa kwa sababu ufaulu umepanda tangu uanze. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza shule za jirani, ambazo mradi haukuzigusa, zilipanda kwa kiasi gani.

Swali hilo ndilo la msingi, na ndilo tunalolikwepa. Mtoto anayeanza darasa la pili atajua mengi zaidi akilimaliza, mradi uwepo usiwepo. Humo katikati walimu huhamishwa, ada hufutwa, mtihani hubadilishwa. Mwaka 2013 hapa Tanzania, matokeo ya kidato cha nne, ambamo zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri, yalifutwa na kupangwa upya. Ufaulu ukapanda bila mwanafunzi hata mmoja kujibu swali jipya! Mradi wowote uliokuwa ukiendelea wakati ule ungeweza kujitwalia sifa hiyo.

Wapo wanaojiona wajanja zaidi: hulinganisha shule zenye vifaa na zisizo navyo. Mtego huo ulikwisha kufichuliwa Kenya. Watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, walichunguza chati kubwa za kufundishia katika shule za msingi za Busia na Teso. Walipolinganisha shule zilizokuwa nazo tayari na zile zisizo nazo, chati zilionekana kuinua alama sana. Kisha wakachukua shule 178, nusu yake wakazipa chati bila kuchagua nzuri wala mbaya. Faida yote ikayeyuka. Shule inayojinunulia chati huwa na mengine mengi yanayoibeba.

Hapa kwetu, utafiti wa KiuFunza ulipanga shule 350 kwa kura. Baadhi zilipata ruzuku, baadhi bonasi kwa walimu, baadhi vyote viwili, na 140 hazikupata kitu. Ruzuku peke yake haikuinua alama. Ilipoambatana na bonasi, watoto walijifunza zaidi. Bila zile shule 140, leo tungekuwa bado tunaapa kwamba fedha zikifika shuleni, elimu imeokoka.

Utasikia watu wakilia kwamba kuacha shule nyingine bila mradi ni ukatili. Upuuzi mtupu! Mradi gani umewahi kuzifikia shule zote? Shule zinaachwa hata sasa, tena kwa hila: huchaguliwa zilizo kando ya lami, gari la mfadhili lifike bila shida na mbunge apigwe picha. Kura ya wazi mbele ya walimu wakuu ina haki kuliko hiyo.

Na msiniambie fedha za kupima hazipo. Zipo kwenye fulana, kofia, mabango na posho za hafla kama ile.

Wizara ya Elimu na TAMISEMI watoe waraka mmoja: mradi unaotaka kuingia shuleni upange shule kwa kura, zitakazopata mradi na zitakazokosa, upime makundi yote mawili kabla na baada, kwa mtihani uleule. Asiyekubali asipewe kibali.