Daftari la Wiki: Ushuhuda wa Kwenda Nao Ng'ambo

Jumatatu

Kamati ya safari ilikutana nyuma ya kanisa, na shauri lilikuwa moja tangu sala ya kufungua hadi ya kufunga: fedha. Binti yetu, muuguzi, anakwenda Madagaska kwa kazi ya misioni, miaka miwili kwa kuanzia. Shirika linalompokea litalipa sehemu ya gharama. Sehemu nyingine itoke kwa kanisa linalomtuma, yaani sisi wa Oicha, mashariki mwa Kongo.

Ahadi zilisomwa kwa sauti. Mwenye duka la dawa atalipa gari hadi Kampala. Vijana watatoa kuku. Mama wa kwaya wameahidi kitenge cha sare, ili hata huko aliko aonekane ni wa kwaya gani. Kisha mjane mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Mayi-Moya, ambaye mpaka leo anaishi kwa jamaa zake mtaani kwetu, akasimama akaweka mezani kilo mbili za chumvi. Mwalimu mstaafu anayeshika hesabu akauliza iandikwe safu gani, ya feza ao ya vitu. Mzee wa kanisa hakuinua hata kichwa: "Andika kwanza. Safu utatafuta nyuma."

Sisi Wanande tunasifika kwa biashara, na jirani zetu wanasema hatutoi franka bila kuigeuza mara mbili. Wanasema kweli. Ila mtu aliyezoea kuhesabu ndiye anayejua chumvi kilo mbili ni nini kwa mtu ambaye shamba lake la kakao liko kilomita chache tu kutoka hapa, limeiva, na hawezi kulifikia. Kakao yake inavunwa na watu asiowajua. Hakuwa na mavuno ya kuleta, akanunua kitu dukani ili asije mikono mitupu.

Jambo lingine lilizuka mwishoni. Mzee mwingine, ambaye kwa kawaida husinzia hadi kwenye chai, aliuliza: "Kwani huko Madagaska hawana makanisa?" Wanayo, tena ya zamani. Biblia nzima ya Kimalagasi ilikamilika kuchapwa mwaka 1835. Malkia wao Ranavalona wa kwanza alipowaandama Wakristo, wako waliokubali kufa kuliko kuikana imani. Wamisionari wa Africa Inland Mission, ambao kwao kanisa letu la CECA 20 linahesabu asili yake, waliingia Kongo mwaka 1912 tu. Kwa hiyo Wamalagasi walisoma Maandiko kwa lugha yao zaidi ya miaka sabini kabla yetu. Mzee alifikiri kidogo, akasema basi binti aende na adabu.

Jumanne

Nilikuwa na mgonjwa wa kumtazama katika Hospitali Kuu. Ukikaa kwenye benchi lile kwa muda wa kutosha, utamsikia mtu akilitaja jina la Becker kama anavyotajwa babu wa ukoo.

Carl Becker alikuwa daktari katika mji mdogo wa Boyertown, Pennsylvania. Mwaka 1929 aliacha wagonjwa wake, akaja Kongo na mkewe Marie na watoto wao wawili wadogo. Oicha alifika mwaka 1934, hapa pakiwa msitu. Alianza na vibanda, akaishia na hospitali kubwa na kijiji cha wenye ukoma kilichopokea maelfu ya watu ambao kwao walikuwa wamefukuzwa. Mwaka 1964 waasi wa Simba walipokaribia, alivuka kwenda Uganda akiwa na miaka 70. Umri huo mtu anaruhusiwa kuchoka. Yeye mwaka uliofuata alirudi, akashiriki kuanzisha kituo cha tiba cha Nyankunde kule Ituri.

Hayo yanajulikana. Nilichokuwa nikikiwaza kwenye benchi ni wale waliobaki Marekani. Shirika lake la misioni lilikuwa la aina wanayoita ya imani: hakuna mshahara wa uhakika, mtu anaishi kwa kile ndugu wanachojaliwa kutuma. Ina maana dawa iliyomfikia bibi yako hapa ilipita kwanza mikononi mwa mkulima au mshonaji ambaye hakuwahi kuuona mlima Ruwenzori, katika miaka ambayo Wamarekani wenyewe walikuwa wakipanga foleni ya supu. Sikupata kufikiri kwamba huko nako kuliwahi kuwa na kamati nyuma ya kanisa, na mtu wa hesabu asiyejua aandike wapi.

Wamisionari walikuwa na desturi ya kuandika barua kwa waliowatuma: hali ya kazi, majina ya wagonjwa wa kuombewa, mahitaji. Babu zetu wamo katika barua hizo. Humo vilielezwa vidonda vyao, hofu zao, siku waliyobatizwa. Hakuna aliyewasomea kabla ya kufungwa bahasha. Siwalaumu walioandika, bila barua dawa isingekuja. Lakini nimelishika wazo hili.

Jumatano

Karatasi tu. Hati ya kusafiria ya Kongo iliuzwa dola 185 kwa miaka kadhaa, hadi bei iliposhushwa kuwa 99 mwaka 2020, na tulishangilia utadhani tumesamehewa deni. Kadi ya njano ya chanjo anayo. Njia ni ileile ya wafanyabiashara: Beni, Kasindi, kuvuka Mpondwe, Kasese, Kampala, halafu ndege Entebbe. Uwanja wa Mavivi uko hapo tu barabarani kati yetu na Beni, na ndege zake tunazisikia tukiwa shambani, lakini mfuko wa kamati hauzisikii.

Mama yake amekwisha kumfungia unga wa muhogo. Nimemwambia muhogo unalimwa hata Madagaska. Amenitazama kama mtu aliyesema maji yanapatikana hata kwa jirani.

Alhamisi

Shirika limeomba ushuhuda wa ukurasa mmoja kwa Kifaransa, wa kusomwa katika makanisa ya Ulaya yanayosaidia. Binti aliniletea nipitie. Tulikaa uani kwao, mama yake pembeni akimenya mihogo.

Sentensi ya kwanza ilisema anatoka Oicha, mji wa mauaji. Nilimuuliza kama ndivyo anavyojitambulisha sokoni. Akacheka. "Mzee, ndivyo wanavyotujua. Bila hivyo hawatasikiliza." Hakosei. Tangu Oktoba 2014, mauaji yanayofanywa na waasi wa ADF katika wilaya yetu ya Beni yamekuwa karibu habari pekee inayovuka mipaka. Mwaka 2018 Ebola ilitangazwa pale Mangina, na hadi ilipotangazwa kwisha Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287 mashariki mwa Kongo. Kwa miezi ile ulimwengu ulijifunza kulitamka jina la Beni, kisha ukalisahau. Sisi tulibaki na ndoo za maji ya klorini kwenye milango ya makanisa na salamu ya viwiko, muda mrefu kabla Korona haijawafundisha wengine.

Tukaendelea kusoma. Katikati ya ukurasa ulikuwapo usiku ule. Watu wenye silaha waliingia mtaani, wao wakalala chini ya kitanda bila kupumua, nyayo zikapita mlangoni kwao zikaenda nyumba ya pili. Aliandika kwamba Mungu aliwafumba macho wale watu wasiione nyumba yao.

Mama yake aliacha kisu. "Na nyumba ya pili, ni nani aliwafumbua?"

Hakuna aliyejibu. Mama yule si mtu wa mashaka. Jumapili hakosi, na ukimuuliza asubuhi, "Mama, mumeamuka?" anakujibu, "Tumeamuka, Mungu ni mwema," kwa sauti inayofika barabarani. Lakini aliyekufa nyumba ya pili walikuwa wakichota naye maji, na mtoto wake aliyebaki anakula hapo uani.

Nimesikiliza shuhuda nyingi maishani mwangu, na kwa miaka hii nimeanza kuzigawa kimoyomoyo. Kuna zile ambazo aliyepona anazungumza kama aliyeshinda mtihani, na waliokufa wanaonekana hawakusoma vya kutosha. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste Kasindi, watu wakiwa kwenye ibada ya ubatizo. Waliokufa pale walikuwa wamekuja kumshukuru Mungu. Yeyote anayesema kwamba imani yake ndiyo iliyomlinda, akawasimulie wa Kasindi.

Kuna shukrani nyingine, na hiyo naiamini. Septemba 2002, baada ya shambulio la Nyankunde lililoua watu zaidi ya elfu moja, wauguzi, wanafunzi na wagonjwa walitembea kwa siku kadhaa kupitia msituni hadi hapa Oicha, na kazi yao ya tiba ikaendelea kwetu. Nimemsikia mmoja wao kanisani, miaka mingi baadaye, akitoa shukrani. Hakusema aliokolewa kwa sababu gani. Alishukuru kwa mihogo ya kuchemsha aliyopewa na mtu asiyemjua njiani, na kwa viatu. Kisha akataja majina ya wenzake ambao hawakufika, yote, taratibu, akaketi. Hakuna aliyepiga vigelegele, na mchungaji hakuongeza neno.

Binti alichukua kalamu yake. Alifuta mji wa mauaji, akaandika kwamba Oicha ni mji wa mpunga, kakao na mawese, wenye hospitali tangu 1934, na kwamba vita imeukuta hapo. Kuhusu usiku ule aliandika sentensi fupi tatu: watu wa nyumba ya pili waliuawa, sisi tupo, ninamshukuru Mungu na bado ninamuuliza. Aliniuliza kama Wazungu watakubali hiyo ya mwisho. Nilimwambia sijui watakubali nini, ila mama yako ameokota kisu chake.

Ijumaa

Binti aliuliza kama kuna mmisionari asiye Mzungu ambaye anaweza kumsoma kabla hajaondoka. Kwani hatukufundishwa Apolo Kivebulaya? Boga yake haiko mbali, ni kaskazini-mashariki mwetu tu, ukivuka mpaka wa Ituri.

Apolo alitoka Buganda. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata alikuwa ameshavuka bonde la Semliki kufika Boga. Siku hizi fomu peke yake inachukua muda kuliko huo. Mtemi wa huko, Tabaro, alimpinga, na Apolo akapigwa. Dada wa mtemi alipojikwaa akaangukia mkuki na kufa, Apolo alishtakiwa, akafungwa, akapelekwa Toro. Alipoachiwa alirudi palepale, na Tabaro mwenyewe hatimaye akabatizwa. Uzeeni alienda kwa Wambuti msituni, wakati watu wengi wa vijijini walikuwa hawawahesabu kuwa watu wa kuhubiriwa. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933, akiwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi.

Namkumbuka kila ninaposikia vijana wetu wakisema misioni ni kitu kinachotoka kwa Wazungu na ndege. Kanisa la Anglikana la Kongo linahesabu chanzo chake kwa mtu aliyekuja kwa miguu.

Jumapili

Ibada ya kumwombea ilikuwa ndefu, na sehemu ya shukrani ndiyo iliyoirefusha. Mmoja alishukuru kwa dipulomi ya taifa ya mtoto wake. Mwingine, kwamba barabara ya Eringeti imepitika wiki nzima. Bibi mmoja alishukuru kwa miwani. Dereva wa pikipiki alitoa sadaka kwa sababu abiria aliyemkimbia bila kulipa alirudi mwenyewe na pesa, jambo ambalo kanisa zima lililiona kuwa ndilo muujiza mkubwa wa siku.

Kisha mnada. Jogoo mmoja aliuzwa mara nne, maana kila aliyemnunua alimrudisha madhabahuni auzwe tena, hadi mwishowe akaangukia kwa mchungaji, ambaye sijui kama alikuwa amepanga kununua. Mwalimu anayeshika hesabu alitokwa jasho.

Baada ya ibada kamati iliamua jambo moja ambalo nililipigia kura kwa mikono miwili. Barua zake zitasomwa hapa, mbele ya wote, kwa Kiswahili. Nakala ya zile za Kifaransa anazopeleka Ulaya itakuja pia, na mahali popote tulipotajwa sisi, tutasomewa kabla haijatumwa. Kijana mmoja alisema hiyo ni kumchunga. Mzee alisema hiyo ni kumsindikiza.

Watu walipokuwa wakitawanyika, kiongozi wa kwaya alinivuta pembeni kuuliza kama simu ya Madagaska ni ghali. Mwanawe akamweleza kwamba kwa WhatsApp unaweza kurekodi sauti ukatuma, hata kama mtandao ni dhaifu. Mama alifurahi, akamwita binti palepale, akampa ratiba. Alto ni wachache, na pengo lake halina wa kuliziba. Kila Alhamisi jioni atarekodi sehemu yake na kuituma kabla ya saa kumi na mbili, na asidhani kwamba bahari inamtoa kwenye mazoezi.